Msafara Usio na Msiba

Bernadina alikuwa fundi cherehani karibu na soko la Shinyanga mjini. Alikuwa mjane mwenye maneno machache, hata wateja wake walisema kwamba mama huyu huzungumza zaidi na mkanda wa kupimia kuliko anavyozungumza na mtu. Mwanawe mmoja, Leodgar, alikuwa jeshini, na nyumba ilikuwa kimya. Mwaka wa 1972 miguu yake ilianza kuvimba. Mganga wa zahanati aliibonyeza kwa kidole gumba, akatazama shimo lililobaki, kisha akamwambia, "Mama, unakaa mno. Tembea."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote."

Jibu hilo lilimkera njia nzima. Kwao Ushirombo mtu alitembea kwenda shambani, kisimani, kanisani au msibani. Popote hapakuwa mahali pa kwendwa.

Jirani yake wa barazani, Mwamvua, mzaliwa wa Ujiji aliyekuwa akiuza vitumbua, alimsikiliza huku akigeuza vitumbua vyake, kisha akasema, "Basi dawa yako ipo. Mwalimu Telesphori anakusanya watu. Jumapili, mkitoka misa ya kwanza, wanapanda treni mpaka Songwa. Wanatembea huko mashambani mchana kutwa, jioni wanarudi."

"Wanakwenda kufanya nini?"

"Kutembea."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi."

Bernadina alikata uzi kwa meno. "Huyo mwalimu ni mzima?"

"Amesoma Bulgaria," Mwamvua alisema, kana kwamba hilo lilitosha. "Anasema huko watu wazima na akili zao hupanda treni siku ya mapumziko, wakashuka porini na kutembea tu. Mimi nimeshajiandikisha. Nawe nimekuandikisha."

Jumapili hiyo, basi, Bernadina akajikuta stesheni, kikapu kichwani, katikati ya watu waliovaa nguo safi kupita kiasi kwa safari ya porini. Wengi walikuwa walimu na makarani, na wauguzi wawili watatu. Mwalimu Telesphori, mtu mrefu wa Bukoba, alikuwa amevaa kaptura na soksi za kufika magotini, akiwahesabu watu wake kama vifaranga. Karani wa tiketi aliitazama ile foleni, akaona vikapu, akaona kina mama wamejifunga khanga viunoni, akavua kofia.

"Poleni sana. Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyetutoka, ndugu yangu," Mwalimu alisema. "Tunakwenda Songwa kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Hatumtembelei mtu. Tunatembea."

Karani alikata tiketi moja baada ya nyingine, na kila aliyepokea yake aliambiwa "Pole" kwa sauti ya chini.

Ndani ya behewa la daraja la tatu walibanana na magunia ya dagaa, na abiria mmoja aliyekuwa akienda Mwanza aliwapisha viti kwa heshima ya marehemu. Mwamvua alijaribu kumweleza, akachoka, akapokea kiti. Bernadina aliketi dirishani. Nyumba za mji zilipokwisha na mbuga ikafunguka mbele yake, pana, ya rangi ya kahawia, na mawe makubwa yamepandana huku na kule kama yamewekwa na mtu kisha akayasahau, alihisi kitu kinalegea kifuani.

Songwa waliposhuka, Mwalimu aliwaonyesha njia kwa fimbo: watazunguka lambo, watapita kwenye mawe yale, watakula chini ya kivuli kitakachopatikana, na kabla jua halijashuka watakuwa wamerudi stesheni kuisubiri treni ya kutoka Mwanza. Wakaanza. Pamba ilikuwa imeshavunwa, na nyuzi zake nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miiba ya kandokando ya njia. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa baridi. Mwanzoni Bernadina aliisikia miguu yake mizito kama magogo. Baadaye akawa haisikii tena, kwa sababu alikuwa akicheka.

Kila waliyekutana naye alitaka kujua wanakwenda wapi, na hakuna aliyekubali jibu. Mchunga ng'ombe mmoja aliwauliza kama wamepotelewa na ng'ombe, akawaahidi kuwatafutia. Mzee mmoja aliuliza kama wametumwa na serikali kupima mashamba, na kabla hajajibiwa akaingia ndani akafunga mlango. Bibi mmoja aliyekuwa akianika michembe ya viazi vitamu juu ya jiwe aliuona msafara, akauliza msiba uko wapi. Bernadina, ambaye Kisumbwa, lugha ya kwao, kilikuwa jirani wa karibu wa Kisukuma, alimjibu kwamba hakuna msiba. Bibi akamtazama kwa huruma, kama mtu asiyetaka kulazimisha habari mbaya isemwe. Akajifunga kitambaa kichwani, akaungana nao. Alitembea nao mpaka njia panda, akiguna kwa huzuni, na hapo akawaaga, akisema atakuja kwenye matanga.

"Mwalimu," Mwamvua alisema, "kesho kutwa huyu mama atatafuta kaburi, asilione."

Walipolipita lambo, mtu mmoja mwenye baiskeli alikuwa amesimama juu ya kichuguu, kiganja usoni, akitazama njia. Alipowaona alishtuka kwa furaha, akaruka juu ya baiskeli na kwenda mbio akipiga kengele njia nzima. Wakamwona anaingia kwenye boma moja kubwa lenye uzio wa minyaa. Punde vigelegele vikalipuka kutoka huko.

"Hawa ndio watu," Mwalimu Telesphori alisema, akipendezwa. "Bulgaria walitupatia maji tu."

Kina mama wa boma lile waliwatokea njiani. Waliwapokea vikapu vyao, wakawaingiza uani, wakawaletea maji ya kunawa. Wanaume waliketishwa kwenye vigoda pamoja na wazee, wanawake kwenye mikeka. Mwenye mji, Mzee Bujiku, mtu mkavu mwenye macho makali na koti zito la zamani, aliwasalimu mmoja mmoja. Bernadina alipiga goti, akasema shikamoo. "Marahaba," mzee alijibu, akamtazama kwa makini zaidi kuliko alivyowatazama wengine.

Chakula kikaja. Kulikuwa na ugali wa mtama, kuku, nsansa ya majani ya kunde iliyoungwa kwa karanga, na vibuyu vya maziwa mgando. Mwamvua hakugusa kuku, kwa kuwa hakujua nani amechinja, lakini nsansa aliitendea haki. Wengine walikula kama watu waliotembea kutoka stesheni, na ndivyo walivyokuwa. Kuku wa mwisho alimalizwa na Mwalimu mwenyewe, aliyeona ni adabu kutobakiza.

Kisha Mwalimu alisimama kushukuru. Kwa kuwa Kisukuma hakukijua, yule mtu wa baiskeli, mdogo wake Mzee Bujiku, alijitolea kutafsiri kwa ajili ya wazee wasiosikia Kiswahili vizuri.

"Wazee wangu," Mwalimu alianza, "sisi tunatoka mjini. Siku nyingi tumesikia kwamba upande huu kuna uzuri uliofichika. Tukasema kusikia hakutoshi, twende tukaone kwa macho yetu."

Mkalimani aligeuka kwa wazee, akawaambia kwa Kisukuma kwamba wageni wamesikia sifa za binti wa mji huu na wamekuja kujionea wenyewe.

Bernadina aliacha kutafuna.

"Tungeweza kuja kwa gari," Mwalimu aliendelea, "lakini kitu kizuri hakiendewi kwa haraka. Kinaendewa kwa miguu."

Wazee waliguna kwa kuridhika. Mmoja akasema hawa watu wana heshima ya zamani.

"Na pale lamboni tumemwona ndama mmoja, mweupe, ana madoa shingoni. Nikawaambia wenzangu, ndama kama huyu ukimpata, hutamani mwingine maisha yako yote."

Hapo wazee walicheka wakapiga mapaja, na mmoja akamwambia Mzee Bujiku kwamba mshenga huyu anaijua kazi yake. Mwalimu, ambaye alikuwa hajawahi kuchekewa namna hiyo darasani, aliona hotuba imepata wenyewe, akatafuta la kuongeza. Bernadina alimfinya Mwamvua pajani.

"Tumekula posa ya watu," alinong'ona.

"Unasemaje?"

"Walikuwa wanangoja watu wa kuposa. Wametudhania sisi."

Mwamvua aliutazama ule uwanja, akavitazama vyungu vitupu, akakisogeza mbali kile cha nsansa.

Bernadina hakupata hata nafasi ya kuinuka. Mlango wa nyumba kubwa ulifunguliwa, na Mama Paskalia, mke wa Mzee Bujiku, akatoka akimwongoza binti yake, amejifunga khanga mpya, macho chini. Walikuja moja kwa moja hadi kwenye mkeka. Binti akapiga magoti mbele ya Bernadina, kama mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bernadina alijibu, maana shikamoo haiachwi bila jibu. Binti aliinua macho kidogo, akamtazama, na ndani ya macho yale Bernadina aliona swali: kijana mwenyewe yuko wapi?

Swali hilo lilijibiwa na kengele ya baiskeli. Uani waliingia watu wawili juu ya baiskeli moja, wamejaa vumbi mpaka kope. Aliyekuwa akiendesha ni kijana wa mabega mapana, shati lake jeupe limelowa jasho. Nyuma yake alishuka mzee mfupi, akijinyoosha mgongo, na mkononi ameshika kofia ambayo upepo ulikuwa umejaribu kuichukua.

"Hodi wenyewe," mzee mfupi alisema. "Tumechelewa, tunaomba radhi. Mimi ni Ignas, baba mdogo wa kijana huyu, Kalisti."

Mzee Bujiku aliwatazama wageni wapya, akawatazama wa zamani, akavitazama vyungu.

"Na hawa," aliuliza polepole, "ni nani?"

Mwalimu Telesphori alijipangusa mdomo. Kumbe naye alikuwa ameanza kuelewa, na soksi zake ndefu zilionekana kumwaibisha. Bernadina alisubiri mwingine aseme. Basi akajiona amesimama.

"Baba," alisema, "kosa ni letu. Sisi si watu wa posa. Tumetoka Shinyanga kwa treni, tunatembea. Hatukuwa na safari ya kwa mtu. Mmetukaribisha, nasi hatukuuliza kwa nini, tukala. Chakula cha wageni wenu tumekimaliza sisi."

"Mnatembea," Mzee Bujiku alirudia.

"Ndiyo, baba."

"Kwenda wapi?"

Bernadina alifikiri. "Popote," alisema.

Mtu mmoja nyuma ya uzio alicheka, akanyamazishwa. Mzee Bujiku hakucheka. Lakini hasira yake, ilipokuja, haikuwaelekea wao. Alimgeukia Mzee Ignas.

"Chakula si kitu. Chakula kinapikwa. Ninachouliza ni hiki: mtu anakuja kumtaka binti yangu kwa ukoo wa baiskeli moja? Siku ya matatizo, atasimama na nani?"

Mzee Ignas alieleza. Ndugu zao walikuwa wametoka Geita tangu juzi kwa lori la pamba, shangazi, wajomba, wote. Lori limevunjika springi kabla halijafika kivukoni. Habari zimeletwa Maganzo, ambako Kalisti ana kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, alfajiri ya leo. Wakaona kuliko kutokuja kabisa, waje wao wawili.

"Basi mrudi siku lori litakapopona," Mzee Bujiku alisema, akainuka.

Kalisti alitazama chini, na Bernadina akaona mikono yake, mikubwa, yenye weusi wa grisi usiotoka hata kwa kusuguliwa, inaminya usukani wa baiskeli kama mtu anayejizuia asianguke. Paskalia, aliyekuwa bado amepiga magoti pale mkekani, alikuwa ameushika ukingo wa khanga ya Bernadina bila kujua.

"Baba, subiri," Bernadina alisema. "Chakula cha kijana huyu kiko tumboni mwetu. Kwetu Ushirombo, mtu akila chakula chako si mpita njia tena. Kama ukoo wake umekwama njiani, tuhesabu sisi."

"Unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Sasa utamsimamiaje mtu usiyemfahamu?"

"Niruhusu nimuulize. Nikiridhika, nitamsimamia. Nisiporidhika, nitaondoka na watu wangu, nawe utafanya unavyoona."

Mzee Bujiku alikaa tena. Labda ni kwa sababu hakuwahi kuona posa ya namna hiyo, akataka kujua itaishaje. Bernadina akamsogelea Kalisti, na maneno yaliyokuwa yamemkimbia miaka yote yakaja, mepesi, maana yalikuwa maswali ambayo mama yeyote angeuliza.

"Ukiumwa, nani anakupikia uji?"

"Jirani, mama. Nami namtengenezea baiskeli."

"Pombe?"

"Nakunywa sikukuu."

"Sikukuu ngapi kwa mwaka?"

Watu walicheka. Kalisti alijikuna shingo. "Za kanisa, mama. Nyingine napitwa kwa sababu ya kazi."

"Binti huyu ulimwonea wapi?"

Hapo kijana alimtazama Paskalia kwanza.

"Alikuja Maganzo anasukuma baiskeli, amempakia bibi yake, wanatoka hospitali. Gurudumu limepasuka. Nikaweka kiraka. Akaniambia kiraka hiki hakitafika kwetu, kibandue, uweke kingine. Nikamwambia mimi ndiye fundi. Akaketi chini, akasema hatoki. Nikabandua, nikaweka kingine. Akakitazama, akasema hapana."

"Mara ngapi?"

"Mpaka bibi alipolala usingizi."

Mzee Bujiku alitoa sauti fulani puani. Mama Paskalia alijifunika mdomo kwa khanga. Ni wazi walimjua binti yao.

"Ulikasirika?" Bernadina aliuliza.

"Nilikasirika. Halafu baada ya wao kuondoka nikavitazama vile viraka vya kwanza, nikaona kweli vilikuwa vibaya. Tangu siku ile naweka vizuri hata mtu asiponisimamia."

Bernadina alimgeukia Mzee Bujiku. "Mimi nimeridhika, baba. Huyu ni wangu."

"Na wangu," Mwamvua alisema, akiinuka.

"Na wetu," alisema Mwalimu Telesphori, na msafara wote ukasimama nyuma ya kijana yule, walimu, makarani na wauguzi, kila mmoja na kabila lake, hata uani pakakosa nafasi. Kalisti aligeuka kuwatazama, akageuka tena upesi, akapangusa uso kwa mkono wa shati.

Mzee Bujiku alimtazama binti yake. "Nawe Paskalia? Kiraka kile kilifika?"

"Kilifika, baba," Paskalia alisema. "Hakijatoka mpaka leo."

Basi mzee alicheka. Alicheka kwa sauti nene isiyofanana na mwili wake mkavu, akamwambia Mzee Ignas aketi, na akaagiza maji ya kunawa yaletwe upya.

Tatizo likabaki chakula. Hapo Mwamvua alichukua uongozi, kama alivyopenda siku zote. Vikapu vya msafara vilifunguliwa: pilau yake, mayai ya kuchemsha, mikate, maandazi, ndizi. Mama Paskalia akaleta unga, wauguzi wakasonga ugali, na jogoo mmoja aliyedhani amenusurika asubuhi akagundua kwamba sivyo; safari hii Mwamvua alimpeleka kwa karani mmoja Mwislamu amchinje. Mzee Ignas alikula pilau kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akauliza kama watu wa Ujiji hula hivi kila siku. Posa ilizungumzwa hapohapo, kwa mafumbo na kwa vicheko, na kila Mwalimu Telesphori alipotaka kuchangia, wazee walimngoja kwa hamu, maana walikuwa na hakika kila analosema lina maana ya ndani.

Jua lilipoanza kuinama, boma zima liliwasindikiza stesheni kwa nyimbo. Mwalimu alijaribu kueleza kwamba hawajafika kwenye yale mawe, na ndiyo yaliyokuwa shabaha ya safari, lakini hakuna aliyemsikia. Bernadina alitembea mbele na Mama Paskalia, wameshikana mikono kama wasichana, wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake. Walipoachana, Bernadina alipewa kibuyu cha maziwa.

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja wewe," Mama Paskalia alijibu. "Ungenyamaza, mwanangu angelia mwaka mzima."

Ndani ya treni Mwamvua alilala begani mwake kabla hawajapita hata lambo. Mwalimu alikuwa tayari amekunjua ramani magotini, akitafuta mahali pa Jumapili ijayo, safari hii, alisema, pasipo na nyumba karibu. Bernadina alitazama nje mpaka giza likaanza kuingia dirishani. Alikuwa na njaa tena.

Harusi ilifungwa Geita baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Bernadina alikwenda kwa basi na kivuko, akiwa amemshonea bibi harusi gauni lake, na Mwamvua alimfuata na sufuria yake ya pilau kwa sababu hakuziamini za watu. Kanisani waliketi upande wa bwana harusi, safu ya mbele. Shangazi mmoja wa Kalisti, yuleyule aliyekwama na lori, aliwatazama kwa muda mrefu, akamwinamia Mzee Ignas.

"Hawa ni wa tumbo gani katika ukoo wetu? Mbona siwakumbuki?"

"Hawa walikuwa wanatembea," Mzee Ignas alisema, na akamwomba asogee kidogo, kwa maana Mwalimu Telesphori alikuwa amefika na watu wake.